Karata Zilizochanjwa

Harufu ya spiriti kwenye pamba hunitia uchungu ambao hauna uhusiano wowote na sindano. Majuzi nilimsindikiza mkwe wangu zahanati kumchanja mwanawe, na muuguzi alipofungua chupa ilinibidi nitoke nje nikasimame barazani kama mtu aliyekosa hewa. Mkwe wangu alidhani siwezi kuvumilia kilio cha mtoto. Ningemwelezaje, pale penye foleni ya akina mama, kwamba harufu ile hainikumbushi ugonjwa wala dawa, bali pakiti ya karata, na mjomba aliyenichekesha kuliko mtu mwingine yeyote, na dada yangu Nsimire, ambaye maisha yake yaligawiwa juu ya meza yetu Jumapili moja mchana, mbele ya watu waliokuwa wametoka kusali?

Wasomaji wa rika langu watakumbuka nchi ilivyokuwa tulipoitwa Wazaïre. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, yakahamia ndani ya nyumba na kuishi humo kama wageni wasiotaka kuonekana barabarani. Sisi tulikaa Bukavu, Kadutu, mlimani, katika nyumba ya matofali ambayo mvua ilipopiga mabati yake hatukusikizana mezani. Kutoka dirisha la sebule tuliliona ziwa likiwa chini kabisa, tulivu, la rangi ya bati jipya. Papa alikuwa karani katika ofisi moja ya Ibanda, mtaa wa chini karibu na ziwa. Aliteremka kila asubuhi akiwa amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai ya enzi hizo, ya kijivu, iliyonyoshwa kwa pasi ya makaa, na jioni aliporudi aliivua, akaitundika, akawa mtu mwingine: kiongozi wa shirika, yaani jumuiya ya Wakristo wa mtaa wetu. Watu walimletea ugomvi wao auamue. Ndoa ziliponywa kwenye viti vyetu vya mbao. Nimekutana na maaskofu ambao hawakuwa na utulivu wa sauti aliokuwa nao baba yangu alipofunga macho na kusema, “Tusali kwanza.”

Nsimire hakuzaliwa na wazazi wangu. Alikuwa binti wa kaka mkubwa wa Papa, na baba yake na mama yake walikufa kabla hajajua kutamka majina yao. Lakini kwetu Bushi, nchi ya mababu zetu, mtoto wa ndugu aliyekufa haitwi yatima. Ni wako, na ukisikika ukisema kwamba huyu ni wa kaka, umelitukana kaburi, na ukoo mzima utakuhukumu. Papa alilishika jambo hilo kama amri ya Mungu. Maman alipopata kitenge, alikikunja katikati, akakikata vipande viwili, akavilinganisha mbele yetu. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, walipokaangwa, sahani yake na yangu zilifanana. Alinizidi umri kidogo, nami nilimwita yaya, kama tunavyomwita kaka au dada mkubwa upande huu wa ziwa, na kwa miaka mingi sikujua kwamba kulikuwa na jambo la kujua.

Tulisoma darasa moja kwa sababu yeye alicheleweshwa na misiba. Alikuwa wa kwanza, si mara moja wala kwa bahati. Alikuwa wa kwanza kama vile jua lilivyotokea upande wa Rwanda. Mimi nilikuwa katikati, mahali ambapo walimu hawakumbuki sura. Alinifundisha hesabu za sehemu kwa maharage, akiyapanga juu ya mkeka na kunipiga vidole nilipojaribu kukisia. “Hapana fikiria ni nini mwalimu anataka,” aliniambia. “Angalia maharage.”

Kisha alikuwapo Tonton Deo, mdogo wake Maman. Alifanya kazi kwenye boti za Goma, ndivyo tulivyoambiwa, ingawa hakuna aliyewahi kusema ni kazi gani. Alitokea bila taarifa, akiwa amebeba mkate mweupe, sukari, makopo ya sardini, akiwa na viatu ambavyo matope ya Kadutu yalionekana kuviheshimu. Tulikula alivyovileta. Papa alivibariki na tukavila. Leo nikisikia watu wakilalamika kwamba nchi yetu iliharibiwa na wakubwa peke yao, huwa nawauliza mezani kwao palikuwa na nini.

Jumapili baada ya misa alitoa karata zake barazani na majirani wakakusanyika. Zilikuwa na mgongo wa buluu, maua yaliyosokotana kama chuma cha madirisha ya nyumba za zamani za Wabelgiji. Mzee mmoja jirani yetu, fundi wa baiskeli, ndiye aliyependa kuchezewa kuliko wote.

“Chagua moja, muzee,” Tonton alisema. “Moja tu. Hapana bonyezabonyeza kama uko ku soko ya avoka.”

Mzee alichagua, akatuonyesha sisi, akairudisha katikati ya pakiti. Tonton alizichanganya huku akitazama angani, akizungumza mambo ya mvua, ya bei ya samaki, ya mwanamke fulani wa Goma. Vidole vyake vilizipapasa karata kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Kisha akaivuta ile ile. Watu walipiga makofi.

“Uyu mutu iko na dawa,” mtu mmoja alisema.

“Deo,” mzee akasema, “kama hizo karata ziko na akili hivi, zitafute mushahara ya mutoto wangu. Mwezi wa ngapi sasa serikali haijaiona.”

“Iyo, muzee, iko kazi ya malaika. Mi niko fundi mudogo tu.”

Maman alimkaripia kwa kumchanganya malaika na karata, lakini alicheka, na hata Papa, aliyekuwa amekaa kwa ndani karibu na mlango, aliruhusu ndevu zake zitikisike.

Ilikuwa alasiri moja, wengine wakiwa hawapo, nilipomkuta Tonton nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, karata mapajani, sindano ya kushonea ya Maman mkononi, na kando yake chupa ndogo ya spiriti na pamba. Alifuta karata kwa pamba, akaigeuza, akaisukumia sindano kwenye pembe taratibu sana, ulimi ukiwa umebanwa kati ya meno. Haikutoboka upande wa pili. Ilivimba tu.

“Uko nafanya nini, Tonton?”

Hakushtuka. Nadhani ndicho kilichomfanya apendwe: hakuna kilichomkuta hana jibu.

“Niko nazichanja. Sawa vile balikuchanja ku dispansari. Karata zinashikwa na mikono ya batu wengi, zinapata magonjwa. Ikigonjwa, inasahau jina yake.”

Nilikunja mkono wa gauni langu, nikatazama kovu langu la chanjo, duara dogo linalong'aa. Alinishika kidole, akakipitisha juu ya pembe ya karata. Palikuwa na kitu kama punje ya chumvi chini ya ngozi.

“Njo kovu yake,” akasema, yaani ndiyo kovu yake.

“Na hizi zingine? Mbona hauzichanje?”

“Bakubwa tu. Ba roi, ba dame, na ba asi. Mu inchi yetu nani anapewaka dawa wa kwanza, batoto?”

Alimaanisha wafalme, malkia na ree. Nilicheka bila kuelewa kwa nini ilikuwa ya kuchekesha. Akanipa pamba nimshikie, akaniita muganga wake, akaniomba nisimwambie mtu, maana karata zikijua watu wanajua zinaona haya. Nililinda siri ile kwa heshima yote aliyo nayo mtoto aliyeaminiwa. Kila nilipomwona akifanya mizungu yake barazani, niliona wafalme wenye afya njema wakiitika walipoitwa, na niliwahurumia watu wazima waliodhani ni dawa.

Nikiwa mtu mzima nimesoma kuhusu ufundi huu, kama wengine wanavyosoma kuhusu ugonjwa uliomuua mzazi wao. Wako wanaotia nukta ya wino kwenye ua la mgongo ili jicho lililozoea lione. Wako wanaokwangua ukingo kwa wembe. Na wako wa sindano, wasiohitaji kutazama kabisa, wanaosoma kwa kidole gumba huku wakikuangalia usoni kwa upole. Anayejua karata ya juu ni ipi anaweza kukunyima. Anaisogeza nyuma kwa unywele mmoja, anatoa ya pili yake, nawe unaapa kwamba umepewa ya juu. Mfanya mizungu na mwizi hutumia pakiti moja, kidole kimoja. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza amekuambia mapema kwamba utadanganywa, nawe umekubali kwa furaha. Sikukuta kitabu chochote kilichoeleza yale yaliyofanywa nyumbani kwetu.

Tulipomaliza darasa la sita, padri alitangaza kwamba masista wenye shule ya bweni, upande wa Nyangezi, watapokea wasichana wa parokia, mmoja kwa kila nyumba. Hapakuwa na shule nyingine ya sekondari ambayo Papa angekubali binti yake aikanyage. Mmoja angekwenda. Mwingine angebaki kumsaidia Maman mpaka atokee mwanamume wa kumwoa.

Kama kuna haki nyepesi kuliko hiyo duniani, mimi sijaiona. Msichana mmoja alikuwa wa kwanza, mwingine hakuwa. Mwalimu alifika nyumbani akalisema. Papa alimshukuru, akamsindikiza hadi njiani, akarudi na uso uliofungwa. Kwa siku kadhaa Maman aliacha kutulinganishia vitenge. Kisha jioni moja baada ya sala Papa alituambia uamuzi wake.

“Ninyi wote wawili ni batoto wangu,” alisema. “Nikimuchagua mumoja, nimemukana mwingine. Mitume walipokosa kujua, walipiga kura, wakamwachia Mungu. Na sisi tutafanya vile. Jumapili.”

Nilimwona kuwa mkuu kuliko mitume wenyewe. Sikuwa na uwezo wa kujiuliza swali ambalo leo naliona limesimama wazi kama mlango: mitume hawakujua, lakini sisi tulijua. Mtu anayepiga kura juu ya jambo ambalo jibu lake analo tayari mkononi hamwachii Mungu kitu. Anatafuta mahali pa kuweka mikono yake isionekane.

Shangazi, dada yake Papa, aliitwa ashuhudie kwa niaba ya ukoo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima, aliyekuja na ndizi na kukaa wima kana kwamba kiti kilikuwa kimemkosea. Baada ya misa tulikaa mezani: Papa, Maman, Shangazi, Nsimire na mimi. Tonton Deo alisimama, pakiti mkononi. Papa alieleza kwamba tutagawiwa karata moja moja kwa zamu, na atakayepata kwanza mfalme wa moyo mwekundu ndiye ambaye Mungu amemteua.

“Juu ya nini Deo njo atagawa?” Shangazi aliuliza, akitaka sababu. “Ule ni ndugu ya bibi yako.”

“Juu anajua kuzichanganya,” Papa alijibu.

“Mi niko mukono tu, maman,” Tonton akamwambia Shangazi kwa tabasamu lake. “Mwenye kugawa iko juu.”

“Juu ya mabati?” Shangazi akasema, na hakucheka mtu.

Papa alisali. Alisali kwa muda mrefu, akiwataja marehemu, akimtaja kaka yake kwa jina, na Maman akajifuta macho. Tonton akachanganya karata. Harufu ya spiriti ilinifikia, hafifu, nikafurahi: alikuwa amezifuta kwa ajili yetu. Akaanza kwangu. Moja kwangu, moja kwa Nsimire, moja kwangu. Zilianguka kwa mlio mkavu, zote mlio mmoja. Wengi walikuwa watoto, namba ndogo ndogo zisizochanjwa. Nsimire alizipanga zake mbele yake kwa mstari, kama maharage.

Ikawa zamu yake. Kidole gumba cha Tonton kikasimama kwenye pembe ya pakiti. Kilisimama kwa muda wa pumzi moja, na mimi niliyejua siri nilifikiri: amemkuta mkubwa, anamwamkia. Kisha karata iliyoenda kwa Nsimire ikatoka kwa mlio mwingine, wa kukwaruza, kama kitambaa kinachonasa kwenye msumari. Ilikuwa saba nyeusi. Iliyofuata ilikuja kwangu, na Tonton akaigeuza yeye mwenyewe, naye mfalme akatutazama sote kwa macho yake ya usingizi.

Maman akasema asante kwa Bikira Maria. Nilihisi kwamba mkono mkubwa umenigusa kichwani.

Nsimire hakulia. Alikuwa akiitazama pakiti, si mfalme.

“Papa,” alisema, “tafazali. Turudilie mara moja. Weye mwenyewe ugawe.”

Mvua ilikuwa haijaanza, kwa hiyo kila mtu alisikia. Papa alikuwa ameinamisha kichwa.

“Tumeshasali, Nsimire. Mungu haulizwake mara mbili.”

“Sikatae. Naomba tu ni weye ugawe.”

“Mutoto anaomba mukono ya baba yake,” Shangazi akasema. “Iko mubaya gani?”

“Imeisha,” Papa akasema, kwa sauti ile ile ya kuponya ndoa. Akanyoosha mkono kuchukua kitabu cha sala, akakifunga. Tonton alikuwa amegeukia dirisha, akilitazama ziwa kana kwamba boti yake inaondoka.

Nilipokuwa nikijiandaa kuondoka, Nsimire ndiye aliyenishonea jina langu kwenye mashuka na sare, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri. Nilimwonea huruma, huruma ile ya mtu aliyeokoka. Nilikaa kando yake nikamwambia kwa moyo mweupe, “Yaya, usikasirike. Mungu njo alinichagua.” Alikata uzi kwa meno, akachukua shuka lingine.

Shuleni niliteseka kwa hesabu. Masista walikuwa wakali lakini wa haki. Walinipa nilichostahili, nami nilistahili kidogo. Usiku wa masomo nilipanga maharage ya mawazo juu ya dawati na hapakuwa na wa kunipiga vidole. Hata hivyo sikukata tamaa, kwa maana aliyechaguliwa na Mungu hawezi kushindwa. Nililisema hilo katika sala, na nilipanda darasa kwa shida, kwa kukariri.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, tayari mkubwa kiasi cha kuvaa viatu vya Maman, mfanyabiashara mmoja wa Kalehe alipomleta Tonton Deo. Alimleta kama mtu anavyorudisha mbuzi aliyevunja shamba. Kidole gumba cha Tonton kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa kichafu, kimevimba, kimegeukia upande ambao kidole hakipaswi kugeukia. Wauza maharage waliokuwa wakicheza naye kamari walikuwa wamemkamata kwenye boti. Mfanyabiashara alimpa Papa mkono, akakataa kiti, akatupa karata za buluu juu ya meza yetu.

“Papa, mi si mutu ya fujo,” alisema. “Wengine walitaka kumutupa mu maji. Nikasema dada yake ni mukristo, nitamufikisha. Lakini ujue mwenyewe. Pima na kidole. Hapa, ku kona.”

“Mimi sijui mambo ya karata,” Papa alisema.

“Hakuna kujua. Ni kupapasa.”

Papa hakunyoosha mkono. Niliokota karata moja, nikapitisha kidole kwenye pembe, na punje ile ya chumvi ilikuwepo. “Ni kovu ya chanjo,” nikasema.

“Kovu ya nini?”

“Tonton alizichanjaka. Na sindano ya Maman. Bakubwa tu, ba roi na ba dame.”

Maneno yalitoka yenyewe, kama jibu la katekisimu, na kabla hayajaisha nikaelewa. Mfanyabiashara alicheka hadi akakubali kiti. “Papa, muko na mutoto wa akili sana,” alisema. “Anajua na ufundi.” Hakuna aliyecheka naye. Tonton alikuwa akiangalia kidole chake. Maman alitoka kwenda jikoni. Nilimtazama Papa nikitafuta mshangao usoni mwake, nikitaka auone sasa hivi, pamoja nami, ule mlio wa kukwaruza, ile saba nyeusi. Uso wake ulikuwa umetulia. Alimshukuru mgeni kwa wema wake.

Nilimfuata Maman jikoni. Alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na aliendelea kutwanga nilipomuuliza nani alimwambia Tonton afanye vile siku ile ya kura.

“Hakuna mutu alimwambia.”

“Maman.”

“Hakuna mutu, nakuambia. Baba yako alisema tu, mbele yake, wakila: ‘Faida ni mutoto wangu wa tumbo, lakini mdomo wangu hauwezi kulisema. Ukoo utanikula.’ Kisha akamwambia, ‘Jumapili weye njo utagawa.’ Basi. Deo si mujinga.” Akainua mchi. “Ulitaka ubakie weye, Faida? Ubakie hapa, utwange?”

Hadi leo sijalipata jibu ambalo halinifedheheshi. Lakini nimelifikiria sana lile ‘hakuna mutu alimwambia.’ Nimeishi katika nchi ambamo mambo mabaya kuliko hayo yalifanywa hivyo hivyo, na watu waliojua kusema nusu ya sentensi mbele ya mtu anayefaa. Tonton alivunjwa kidole kwa kuwadanganya wauza maharage. Kwa kumdanganya msichana aliyemwamini baba yake, alipewa sahani ya chakula, na Papa akaibariki.

Nsimire wakati ule alikuwa akiuza sambaza soko la Kadutu. Nilimkuta asubuhi iliyofuata nyuma ya karai lake, kanga imefungwa kifuani kwa ajili ya baridi, akifukuza nzi kwa jani. Nilimweleza yote, la sindano, la kidole, la Maman, nikiwa nalia hadi wanawake wa meza za jirani wakageuka. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtu anayesimulia njia ambayo wewe unaipita kila siku.

“Nilijua ile siku,” alisema.

“Ulijua? Juu ya nini haukusema?”

“Nilisema. Nilimwomba Papa agawe yeye. Alinisikia muzuri sana, Faida. Kama angekuwa hajui, angegawa.”

Nilimwambia nitaenda kwa Papa, nitaenda kwa masista, nitawaambia wampe yeye nafasi yangu. Nilikuwa mkweli. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, si kwa chuki, bali kama alivyonitazama zamani nilipokisia jibu bila kuangalia maharage.

“Masista bananingoja miye? Sasa niko mukubwa, ninanuka samaki. Acha.” Akajipinda kumfungia mteja. “Rudi ku masomo. Soma sana. Hapana ufanye mchezo. Lakini usiniambie tena ati ni Mungu.”

Nilirudi, nikasoma. Kuanzia hapo nilisoma kwa hasira, bila imani ya kuteuliwa, na kwa mara ya kwanza nikawa mwanafunzi mzuri. Tonton Deo alivuka mpaka na hatukumwona tena. Nsimire aliolewa, akazaa, akawasomesha wote kwa samaki, na katika nyumba ya Papa aliingia na kutoka kwa heshima kamili, akimwita baba, akimletea sambaza wakubwa. Hakumlaumu hata mara moja. Nadhani Papa alichukulia hilo kuwa msamaha.

Papa alikufa akiwa mzee, na shirika zima lilimsindikiza. Kiongozi aliyemrithi alisimama akasifu mambo mengi, akasema kwamba marehemu alilea mtoto wa kaka yake na mtoto wake wa kuzaa, na hakuna jirani aliyewahi kujua yupi ni yupi, kwa maana hakubagua. Watu waliitikia. Kisha akaniita mimi, binti aliyesoma, nizungumze kwa niaba ya watoto, na akanikumbusha kwa upole, mbele ya wote, nishuhudie neno hilo.

Nilisimama. Nilisema kwamba Papa alitulisha, alituvika, na alitufundisha kusali. Yote hayo yalikuwa kweli. Wazee wa ukoo waliinua nyuso zao wakingoja neno lile lingine, na padri naye akangoja, mikono ikiwa imekunjwa. Nilivua miwani yangu, nikaifuta, nikakaa kando ya Nsimire aliyekuwa akitazama mbele. Wazee waliendelea kungoja mpaka mtu mmoja wa nyuma, kwa kuwahurumia, akaanzisha wimbo.